Amelipia Yote: Je, Baharia Naye Amelipwa?

Katika pwani yetu hii, tangu Shimoni na Diani mpaka Watamu na Malindi, kuna namna ya mgeni ambaye mkono wake haushiki fedha. Akishuka tu kwenye gari la hoteli hufungwa bangili ya plastiki kiganjani, na tangu saa hiyo mpaka siku ya kuondoka halipi tena. Akila halipi, akinywa halipi, akitaka taulo ya tatu hupewa. Na katika hoteli zile zipokeazo wazamiaji, hata kushuka chini ya bahari kutazama matumbawe na samaki wake kumekwisha hesabiwa katika ile jumla aliyoitoa huko kwao, Munich au Milano, miezi kadhaa kabla hajauona mnazi. Mtindo huu nitauita hapa "yote ndani", maana ndivyo ulivyo.

Basi mgeni huyu hupanda boti asubuhi, akazama mara mbili, akarudi juu uso umemchangamka. Baharia humshika mkono akampandisha ngazi, akamvua mtungi wa hewa mgongoni, akampa maji ya kunywa na kipande cha nanasi. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Mgeni ajisemea moyoni: mimi nimelipia yote. Baharia naye ajisemea: huyu hakuona? Hapana atamkaye neno. Mmoja aenda zake akihofia kuwa amekuwa bahili, na mwenziwe abaki akikunja kamba akihisi kuwa amedharauliwa. Yamkini wote wawili ni watu wema.

Asili ya mambo haya si ya hapa kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa majini, alifungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Majorca akaiita Club Méditerranée. Wageni walilipa mara moja tu. Baadaye wakawa wanavaa shanga shingoni, na aliyetaka kinywaji hukata ushanga mmoja akalipia. Nia ilikuwa njema: tajiri na karani wakae meza moja, fedha isiwatenge, na bakshishi ikakatazwa kabisa ili mhudumu asimchekee huyu zaidi ya yule. Miaka ya baadaye mtindo huo ulivuka bahari mpaka Karibi, na huko Jamaica hoteli za Sandals, zilizoanza mwaka 1981, nazo zikaweka amri kwamba wafanyakazi wasipokee kitu, isipokuwa wale watumishi maalumu wanaomhudumia mgeni mmoja mmoja. Shanga zimekwisha, tumebaki na bangili. Lakini jambo moja halikuja pamoja na bangili hiyo pwani kwetu, nalo ni ile amri. Hoteli nyingi za kwetu hazikukataza bakshishi wala hazikuiamrisha. Ziliachia hivyo hivyo, kila mtu na akili yake.

Wako wasemao kwamba bakshishi ni ada ya Wazungu, Waswahili haituhusu. Neno lenyewe lawakanusha. Wazee wetu walisema "bahashishi", na asili yake ni Kiajemi, kitenzi cha kutoa na kusamehe, likasafiri Uturuki, Misri na Bara Hindi kabla ya kutua bandarini kwetu. Na hata tukiliweka neno hilo kando, desturi zetu zimejaa vitu vya namna hii. Mwanafunzi akihitimu ufundi humpa fundi wake kilemba, ijapokuwa ada ya kufunzwa imekwisha lipwa. Bwana harusi hapiti mlango bila kifungua mlango. Mwimbaji wa taarabu amekwisha kodiwa kwa usiku mzima, na hata hivyo mama mtu mzima huinuka kitini kwa madaha akaenda kumtuza mbele ya macho ya watu. Hapana asemaye kwamba mwimbaji yule ni ombaomba. Kila mtu aelewa kwamba kuna malipo ya kazi, kisha kuna lile la moyo.

Tofauti ni kwamba katika desturi zetu kila mmoja ajua lini, nani, na kiasi gani. Hotelini hapana ajuaye. Nami naona, madhali watoto wetu ndio washikao kamba na ngazi, hatuna budi kuyasema haya waziwazi.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani mgeni huiona nusu yake tu. Mtungi wa hewa wa kawaida ukijaa una uzito wa kilo 17 hivi. Boti ikichukua wazamiaji wanane, na kila mmoja akizama mara mbili, hiyo ni mitungi 16, kiasi cha kilo 272, ambayo sharti itoke stoo ifike chomboni. Bahari ikiwa imejaa, si taabu. Lakini ajuaye pwani ya Diani ajua kwamba maji yakitoka huenda mbali, na boti hukaa nje penye kina. Basi mitungi hiyo hubebwa begani mtu akikanyaga mchanga, nyasi za bahari na vifuu vya urumbu, akichunga asije akadungwa na miiba ya fuma. Ikisha tumika, hurudishwa kwa mabega yale yale. Kisha kuna yule ambaye mgeni hamwoni kabisa: kijana akaaye nyuma ya stoo na mashine ya kujazia hewa, masikioni vitambaa, akiangalia mshale ufike kipimo usipite. Uzembe wake ungeweza kuua mtu. Na yuko aoshaye nguo za mpira kwa maji matamu na kuzianika, nguo ambazo, nisamehewe, wageni wengi hukojoa ndani yake.

Nilimwuliza kijana mmoja wa kazi hiyo kwa nini hakutafuta nafasi ya baa, ambako bakshishi hufuata kila bilauri. Akacheka, akanijibu, "Ami, fedha ya kule ni nyingi, lakini mamangu aila nami. Hii ya huku chumvi tupu, naipeleka nyumbani bila ya kuulizwa." Wako vijana wengi wa namna yake, walioikimbia kaunta ya ulevi wakaja chomboni. Mgeni hana habari kwamba yule amshikaye mkono ngazini alichagua kipato kidogo kwa makusudi.

Tena kipato chenyewe ni cha msimu. Bahari ya uzamiaji ni ya kaskazi, tangu maji yanapotulia na kuwa meupe mwezi wa Oktoba mpaka Machi. Masika yakiingia na kusi ikavuma, maji hutibuka, wageni hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga milango. Kibarua huambiwa ende nyumbani mpaka aitwe. Kwa hiyo bakshishi ya Januari ndiyo unga wa Mei. Nalisema hili si kwa kumlilia mtu, bali kwa kuwa ni hesabu.

Sasa, huyu mgeni afanyeje? Kwanza na ajue kwamba wazamiaji wana kalenda isiyo ya wageni wengine. Mtu aliyezama siku kadhaa hashauriwi kupanda ndege kabla ya saa 18 kupita, kwa sababu ya ile hewa iliyoingia damuni kwa nguvu ya kina. Kwa hiyo mbizi yake ya mwisho huwa siku moja kabla ya safari. Wengi hupanga moyoni kutoa bakshishi asubuhi ya kuondoka, pale mapokezini, begi mkononi. Saa hiyo mabaharia wake wako baharini na wageni wengine! Fedha huishia kwa mchukuzi wa mizigo, ambaye naye ana haki yake, lakini hakumvua mtu mtungi. Lililo bora ni kutoa boti itiapo nanga baada ya mbizi ya mwisho. Na palipo na zamu za kubadilishana, ambapo nahodha wa leo siye wa kesho, yafaa kutoa kila siku, kidogo kidogo.

Kiasi gani? Mimi naona shilingi 300 mpaka 500 kwa kila mzamiaji kwa siku, zikagawanywa chomboni kizima, hazimtii mgeni umaskini na zaonekana nyumbani kwa baharia. Dola moja kwa mwaka 2025 ilikuwa karibu shilingi 130, basi mwenye kupenda hesabu na apige mwenyewe. Mwenye kutoa zaidi atoe. Asiye nacho, neno la shukrani na jina la mtu likitajwa mbele ya msimamizi wake lina faida yake, maana kibarua aliyetajwa kwa wema ndiye aitwaye mwanzo msimu ukirudi.

Atoe fedha gani? Hili dogo laumiza kuliko wageni wadhaniavyo. Sarafu za Yuro hazina kazi hapa, kwani benki hubadilisha noti, sarafu hazitaki. Utamkuta mhudumu ana kopo zima la sarafu hizo, utajiri asioweza kununulia hata kibaba cha mchele, naye amngojea mgeni mwingine Mjerumani au Mwitaliano ambembeleze ampe noti badala yake. Noti ya dola iliyochakaa, iliyopasuka au ya toleo la zamani nayo hukataliwa au hukatwa thamani. Shilingi ya Kenya ndiyo iliyo nyofu.

Na je, apewe mkononi ama itiwe sandukuni? Hapa nimesikia mabishano makali. Mahodari wataka mkononi: aliyefurahisha ndiye apate. Wa nyuma ya stoo wataka sanduku. Nami niko upande wa sanduku kwa mambo ya chomboni, kwa hoja ambayo wavuvi wetu waliijua kabla ya kuwako hoteli. Chombo kikirudi na samaki, aliyevuta mshipi si yeye peke yake mwenye samaki. Hutolewa kitoweo, hutolewa fungu la chombo na la zana, na lililosalia wakagawana, nahodha akazidishiwa, na hata kijana wa kufua maji akapata chake, maana bila ya yeye chombo kingejaa. Mtambo wa hewa ndio ufuaji maji wa zama hizi.

Lakini sanduku lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Hapo ndipo sauti hushuka. Niliambiwa na zaidi ya mmoja kwamba mahali fulani sanduku hufunguliwa ofisini, mlango umefungwa, na kila mtu akapewa bahasha asijue jumla ilikuwa nini. Mahali pengine fedha hizo hushikwa kufidia bilauri zilizovunjika na miwani ya kuzamia iliyopotea. Hii si bakshishi tena. Mgeni alimpa baharia, hakulipia bilauri. Dawa yake si ngumu: makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa msimamizi na mmoja kwa mtu waliyemchagua wafanyakazi wenyewe, lifunguliwe mbele ya watu, lihesabiwe kwa sauti, liandikwe daftarini. Mwenye hoteli asiyependa utaratibu huo na aulizwe kwa nini. Na mgeni naye ana haki ya kuuliza kabla ya kutumbukiza: sanduku hili lafunguliwa vipi? Jibu likikawia, atajua la kufanya.

Kuna jingine ambalo wageni huchanganya. Katika hesabu za hoteli za Kenya kuna kodi ya utalii ya asilimia 2. Mgeni akiiona huamini kwamba ndiyo ya wahudumu. Siyo. Ni kodi ya serikali, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikiendesha chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975. Haifiki mfukoni mwa baharia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya kushika kalamu. Bakshishi itolewayo baada ya kazi ni shukrani. Itolewayo kabla ya kazi, ili kazi ifanywe isivyotakiwa, ina jina jingine, na sote twalijua. Huku kwetu imevishwa nguo ya "chai" na "kitu kidogo". Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, za kwanza katika Kenya, na sheria yake haina siri: usiokote kombe, usivunje tumbawe, usimguse wala kumfukuza mnyama. Lakini mgeni mwenye kamera ataka kasa amgeukie. Humwonyesha kiongozi wake noti bado wako juu ya boti, akakonyeza. Huko chini kiongozi humzuia kasa njia, ama humtoa pweza shimoni kwa kijiti, naye mnyonge hubadilika rangi kwa hofu huku mwenye kamera akidhani anachezewa ngoma. Kule Kisite nahodha hubembelezwa awakatie pomboo njia, apite katikati yao wageni wakapige kelele. Siku mbili tatu bakshishi huwa nono. Kisha pomboo huanza kukikimbia kila chombo wakisikia mlio wake, na nahodha huyo huyo huwa hana cha kumwonyesha mtu.

Nahodha mmoja mtu mzima wa upande wa Wasini alinieleza alivyojitoa katika fitina hiyo. Mgeni akimwahidi fedha mapema humjibu kwa upole, "Bwana, weka mpaka turudi, bahari ikikupa, utanipa." Alisema wengi huona haya wakazirudisha mfukoni, na jioni humpa zaidi. Wachache hununa.

Na bahari hutoa itakapo. Katika kaskazi hupita samaki mkubwa kuliko wote, papa shilingi, mpole, mwenye madoa meupe mgongoni kama mtu aliyemwagiwa sarafu, na ndiyo sababu ya jina lake. Siku aonekanapo, mifuko hufunguka. Siku asipoonekana, wageni hushuka chomboni kimya kama waliofiwa. Hapana uonevu kama huu kwa baharia. Hakumleta wala hakumficha. Mafuta aliyochoma ni yale yale, mitungi ni ile ile, na pengine siku ya kukosa ndiyo aliyotafuta zaidi. Mgeni mwenye adabu hapimi bakshishi kwa papa.

Waumini huuliza kama fedha hii ni halali kwa mpokeaji. Mimi si mufti, lakini kisa cha yule aliyetumwa na Mtume, rehma na amani zimshukie, kukusanya zaka kimesomwa madarasani mwetu wote: alirudi akasema hili lenu na hili nimezawadiwa mimi, akakaripiwa juu ya mimbari, kwamba lau angekaa nyumbani kwa babake na mamake angeona kama zawadi hiyo ingemfuata. Wanavyuoni wanaoruhusu bakshishi hawakukisahau kisa hicho. Huweka masharti: mwajiri awe ajua na ameridhia, na mpokeaji asimpendelee mtoaji kwa kumpunguzia mwingine haki. Ukitazama sana utaona masharti hayo ndiyo yale yale ya sanduku lenye makufuli mawili na ya nahodha wa Wasini. Kwa upande wa mtoaji, tumekatazwa kuifuatisha sadaka na masimbulizi, na hii ya hotelini si sadaka seuze ikasimbuliwa. Nimemwona mgeni akitoa shilingi 200, kisha akamtuma kijana mara tatu chumbani kumletea mafuta ya jua, kitabu na kofia, kila mara akimkumbusha. Afadhali angebaki nazo.

Haya, tumewasema Wazungu vya kutosha. Mmarekani hutoa kwa kuwa kwao sheria ya taifa inaruhusu mhudumu wa bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, na yaliyosalia ni juu ya mteja. Mfaransa hutoa kidogo kwa kuwa kwao huduma imo katika bei. Mjapani kwao hatoi kabisa, na akitoa huku amejitahidi. Kila mmoja ana udhuru wa malezi yake. Sisi je? Tangu mwaka 2020, ndege zilipokatika kwa korona na hoteli zikaokolewa na wageni wa humu humu nchini, nasi twavaa bangili. Twaja Pasaka na Desemba, twaja na fungate za wanetu, twapanda boti kutazama samaki. Na wahudumu wameniambia, kwa adabu, wakitazama chini, kwamba mgeni aliye mzito wa mkono kuliko wote ni mwenzao, yule awaitaye "we kijana", ajuaye kabisa bei ya unga, na aliyemtuza mwimbaji shilingi elfu usiku wa harusi watu wakitazama. Labda hotelini hakuna watazamaji.

Limebaki moja dogo, nalo limewahi kumpoteza mtu kazi. Wazamiaji wengi siku ya mwisho hupenda kumwachia baharia miwani ya kuzamia, viatu vya mapezi, au hata saa ya kina, badala ya fedha. Ni zawadi kubwa, kwani vitu hivyo havipatikani madukani kwetu kwa bei ya mtu wa kawaida. Lakini mfanyakazi akitoka langoni jioni mfuko wake hupekuliwa na askari, na miwani ya kizungu isiyo na maelezo ni wizi mpaka ithibitishwe vingine, na wakati huo mwenye kushuhudia yuko juu ya mawingu. Mgeni na aandike karatasi: jina lake, namba ya chumba, kitu alichotoa na aliyempa, atie sahihi na tarehe, amwachie mpokeaji nakala na nyingine mapokezini. Kalamu iko pale pale, imefungwa kwa uzi juu ya kaunta.